Orodha ya wazalishaji tunayo, oda hatuna: tufanye nini?

SWALI: Mimi ni mratibu katika chama cha wafanyabiashara na wenye viwanda vidogo. Tulipewa kazi ya kuwaunganisha wanunuzi wakubwa wa eneo letu, yaani viwanda, hospitali, vyuo na hoteli, na wazalishaji wa hapahapa, ili bidhaa zinazoagizwa kutoka nje zipungue. Tumekusanya orodha ya wazalishaji, tumeiweka kwenye tovuti, tukafanya na maonyesho. Wanunuzi walikuja, wakasifu, wakachukua kadi, wakaondoka. Tangu hapo hakuna oda ya maana. Wenzangu wanasema dawa ni kampeni ya uzalendo, au tuiombe serikali ipige marufuku. Wewe unaonaje? Na hii orodha tuiendeleze au tuitupe?

JIBU: Mmeanzia upande usio na pesa. Hilo ndilo jibu fupi, na kama una haraka unaweza kuishia hapo.

Orodha ya wazalishaji inajibu swali ambalo hakuna mnunuzi aliyeliuliza: hapa kwetu nani anatengeneza nini? Swali hilo halimnyimi usingizi ofisa manunuzi. Kinachomnyima usingizi ni kwamba kipuri fulani kimebaki kimoja stoo, mzigo bado uko baharini, na mashine ikisimama kesho ataitwa kujieleza. Mpe kitabu cha majina akiwa katika hali hiyo, atakushukuru kwa adabu na kukiweka juu ya kabati. Maonyesho nayo ni hivyohivyo. Mzalishaji anapanga mezani anachojua kutengeneza, mnunuzi anapita akitafuta anachohitaji, na mara nyingi hivyo viwili havikutani. Tunasema kizuri chajiuza, lakini kwenye manunuzi ya taasisi hakuna kinachojiuza. Kila kitu kina namba, kina fomu, na kina mtu wa kubeba lawama kikiharibika.

Kwa hiyo geuzeni mwelekeo. Anzeni na daftari la manunuzi la mnunuzi, muone anachoagiza nje, kiasi gani, mara ngapi kwa mwaka, na anasubiri siku ngapi. Halafu, mkiwa na kitu kimoja mkononi, ndipo mtafute nani anaweza kukitengeneza. Mji wa Eugene, katika jimbo la Oregon huko Marekani, ulifanya hivyo mapema miaka ya 1980, biashara ya mbao iliyokuwa ikiutegemeza ilipoyumba. Mpango wao, Oregon Marketplace, uliwaendea wenye biashara na kuwauliza wananunua nini kutoka nje ya jimbo, kisha ukawatafuta wa karibu wenye uwezo wa kutengeneza vitu hivyo na kukusanya bei zao. Hakuna muujiza hapo. Ni kazi ya miguu na simu, inayochosha, na ndiyo sababu wengi wanapendelea kutengeneza tovuti.

Utaniambia wanunuzi hawatakubali kuwaonyesha madaftari yao. Kweli, hawatakubali, kwa sababu mnaomba vibaya. Kinachowatisha ni bei na jina la msambazaji wao wa sasa. Hizo ni siri za biashara na wana haki ya kuzificha. Basi msiziombe. Ombeni orodha ya miezi 12 yenye mambo manne tu: kitu chenyewe, kipimo chake, kiasi, na muda wa kusubiri mzigo. Tieni saini makubaliano ya kutunza siri, na mtakapotafuta bei kwa wazalishaji, msitaje jina la mnunuzi mpaka yeye mwenyewe aseme yuko tayari. Wengine hudhani wataponea kwenye takwimu za forodha. Zinasaidia kidogo. Mfumo wa namba za forodha unaotumika karibu dunia nzima una tarakimu sita zinazofanana kila nchi, lakini mafungu yake ni mapana mno kwa kazi hii. Namba 3926.90, kwa mfano, ni ya vitu vya plastiki ambavyo havikutajwa kwingine. Humo kuna kila kitu, na hakuna mtu awezaye kupokea oda ya kila kitu.

Jambo moja ambalo watu wa vyama mara nyingi hulipita: msiishie kwa meneja manunuzi. Nendeni kwa mtunza stoo na kwa fundi wa matengenezo. Mtunza stoo anajua ni kitu gani huisha kabla ya wakati na ni kipi kinaota vumbi kwa sababu ililazimu kuagiza kontena zima. Fundi anajua kipuri gani amekuwa akikichonga mwenyewe kwa siri kwa sababu cha nje hakifiki. Hicho anachokichonga kwa siri ndicho mnachokitafuta. Tayari kimeshathibitishwa kwamba kinawezekana.

Sasa mkishapata orodha hiyo ya mahitaji, mtakuta ina vitu vingi kuliko mnavyoweza kushughulikia, na hapa ndipo panapohitaji kuchagua bila huruma. Kitu kizuri cha kuanzia ni kile ambacho umbali wenyewe unakitia hasara. Maboksi ya kupakia, palet za mbao, matenki ya plastiki, magodoro: hivi ni vikubwa kwa umbo na vidogo kwa thamani, na anayevisafirisha baharini kwa sehemu kubwa anasafirisha hewa. Kitu kingine kizuri ni kile kinachobadilika mara kwa mara kulingana na mteja, kama lebo, fomu, sare za kazi, samani za kupimwa na vibao. Cha tatu ni vipuri vya dharura, ambavyo mteja yuko radhi kulipa zaidi ili avipate leo. Upande wa pili, achaneni na beringi. Nasema hivyo kwa sababu karibu kila kamati ninayokaa nayo kuna mtu anayetaja beringi, maana zinanunuliwa sana. Zinanunuliwa sana, ndiyo, lakini zinadai chuma maalumu, usahihi wa elfu za milimita na uzalishaji wa mamilioni ili bei ishuke. Mzalishaji mdogo akijaribu atafilisika huku mnampigia makofi.

Msidharau kuanza na kipande badala ya kitu kizima. Baiskeli zilipoanza kuingia Japani kutoka nje mwishoni mwa karne ya 19, waliofaidika kwanza ni mafundi wa kuzitengeneza zikiharibika. Vipuri vya nje vilikuwa ghali, hivyo karakana moja ikajifunza kutengeneza kipande hiki, nyingine kile, mpaka pakawa na mafundi wa kutosha wa vipande vyote hivi kwamba kuunganisha baiskeli nzima hakukuwa tena jambo la ajabu. Hakuna aliyelazimika kujenga kiwanda kikubwa siku ya kwanza.

Tuje kwenye sehemu inayoua makubaliano mengi, nayo ni vipimo na masharti ya kiufundi. Nitakupa mfano mmoja kwa undani kwa sababu mingine yote inafanana nao.

Chukua oringi, ile pete ya mpira inayozuia uvujaji kwenye pampu na vali. Mnunuzi anasema: "Nataka oringi za milimita 60." Mzalishaji anapima, anatengeneza, anapeleka. Zinakaa vizuri. Baada ya muda zinakauka, zinapasuka, maji ya moto yanavuja, na kuanzia siku hiyo kiwanda kizima kinajua kwamba "vya hapa havifai". Kilichotokea ni nini? Mzalishaji alitumia mpira wa aina ya NBR, ambao ni mzuri mno kwenye mafuta na ndio wateja wake wengine wote wanaoutaka. Kwenye maji ya moto na mvuke, mpira unaotakiwa ni EPDM. Na huo EPDM nao ukiupeleka kwenye mafuta ya petroli utavimba na kuharibika. Kwa macho, pete hizo mbili nyeusi huwezi kuzitofautisha. Mnunuzi hakutaja aina ya mpira kwa sababu hakuijua. Yeye miaka yote ameagiza kwa namba ya katalogi, na namba ile ndiyo iliyobeba taarifa zote kwa niaba yake. Hakutaja ugumu wa mpira, ambao hupimwa kwa kipimo cha Shore A. Hakutaja unene wa pete, joto, shinikizo, wala ni milimita ngapi za kuzidi au kupungua anazoweza kuvumilia, na hiyo 60 hakusema ni ya ndani au ya nje. Mzalishaji naye hakuuliza, akihofia kuonekana hajui kazi.

Unaona nafasi yako iko wapi? Mwunganishaji anayefaa ni yule anayekaa na fundi wa mnunuzi na kuigeuza namba ya katalogi kuwa ukurasa mmoja ambao mzalishaji anaweza kuufanyia kazi: kitu kinafanya kazi gani, kinagusa nini, joto gani, kinabeba nini, kinapimwaje, kikizidi au kupungua kiasi gani kinakataliwa, na kinapakiwaje. Kama chama chenu hakina mtu mwenye uwezo huo, msiajiri mtu wa masoko mwingine. Ajirini fundi mchundo mstaafu wa kiwandani, au mhandisi kwa siku chache za wiki. Bora hela ya maonyesho iende huko.

Na mnapoandika ukurasa huo, ulizeni kila sharti lina sababu gani. Masharti mengine yamo kwa sababu tu bidhaa ya nje ilikuja hivyo. Rangi ya bluu fulani, unene ambao hakuna anayeuhitaji, nembo iliyochapwa. Mkiyaondoa hayo, mara nyingine kitu kilichoonekana hakiwezekani kinawezekana. Kampuni ya madini ya BHP ilipoanzisha mpango wake wa wasambazaji nchini Chile mwaka 2008, na Codelco ikajiunga mwaka 2010, walikwenda hatua moja mbele zaidi: badala ya kusema wanataka kifaa gani, walieleza tatizo la mgodini na kuwaachia wasambazaji wa nchini wapendekeze suluhisho. Hiyo ni ngazi ya juu, na inataka wasambazaji waliokomaa. Ninyi anzeni na ukurasa mmoja.

Kuhusu bei, msikubali kulinganisha bei ya mzalishaji wenu na bei iliyo kwenye ankara ya nje. Hivyo ni vitu viwili tofauti. Ankara ya nje huenda ni ya mzigo ukiwa mlangoni mwa kiwanda kule, au ukiwa juu ya meli, wakati mzalishaji wenu ametoa bei ya mzigo uliofikishwa stoo. Ulizeni kwanza bei hiyo inaishia wapi safarini. Kisha hesabuni bei ya kufika: nauli ya meli, bima, ushuru, gharama za bandari, wakala wa forodha, lori. Hayo watu huyakumbuka. Kinachosahaulika ni pesa iliyolala. Mzigo wenye thamani ya 100 uliolipiwa leo na kufika baada ya siku 90, kwa mkopo wa riba ya asilimia 16 kwa mwaka, umeshakula karibu 4 kabla haujafunguliwa. Ongeza akiba ambayo mnunuzi analazimika kuiweka kwa kuwa hajui meli itafika lini, na eneo la stoo linalokaliwa na akiba hiyo, na vile vinavyopitwa na wakati humo. Ongeza pia kwamba kiwanda cha nje hakipokei oda ndogo, hivyo anayehitaji vya mwezi mmoja ananunua vya mwaka.

Hapo ndipo mzalishaji wa karibu ana nguvu yake halisi: anaweza kuleta kidogokidogo, kila wiki, na kikikosewa kinarudishwa kesho yake. Auze hilo. Akijaribu kushindana kwa bei ya kipande kimoja na kiwanda kinachotoa milioni, atapigwa kila mara. Na niseme wazi, kuna vitu ambavyo hata baada ya hesabu hiyo yote cha nje kinabaki rahisi na bora. Vifuteni kwenye orodha, muwaambie wanunuzi mmevifuta. Hakuna kitu kitakachowafanya wawaamini kuliko siku mtakayowaambia "hiki endeleeni kuagiza".

Malipo sasa. Hapa ndipo ninapoona mipango mingi ikifia, na mara nyingi kimyakimya, kwa sababu mzalishaji anaona haya kusema ameishiwa.

Angalia jinsi mnunuzi anavyomlipa msambazaji wa nje. Utaratibu wa kawaida kabisa ni kutanguliza asilimia 30 ili kazi ianze, na kumalizia 70 kabla mzigo haujaondoka, au kufungua barua ya dhamana benki, yaani benki inaahidi kwamba muuzaji atalipwa akishaonyesha hati za mzigo. Maana yake, kiwanda cha mbali ambacho hajawahi kukiona amekilipa kabla ya kushika bidhaa. Mnunuzi huyohuyo akija kwa mzalishaji wa jirani anasema: "Sisi masharti yetu ni siku 60 baada ya kupokea mzigo." Siku 60 zinageuka 90. Huyu jirani amenunua malighafi taslimu, amelipa vibarua kila Jumamosi, na hana benki ya kumkopesha kwa dhamana ya ankara. Oda kubwa inakuja kama baraka na kumzika. Akishindwa kutoa bechi ya pili, mnunuzi anaandika kwamba wa hapa si wa kutegemewa, na anarudi kwa yule anayemlipa mapema. Yaani mkopo ule ambao mnunuzi anampa mgeni, anautoza kwa mwenyeji.

Mkifanikisha jambo moja tu kwa mwaka mzima, liwe hili: mnunuzi akubali kumpa mzalishaji wa karibu angalau nusu ya nafuu anayompa wa mbali. Akitanguliza asilimia 30, vizuri. Akiona ni hatari, anunue malighafi yeye mwenyewe na kumkabidhi mzalishaji, amlipe ufundi tu. Au alipe ndani ya siku 14 tangu mzigo upite ukaguzi. Au athibitishe ankara kwa maandishi ili mzalishaji aende nayo kwenye taasisi ya fedha inayonunua ankara kwa punguzo. Hii ya mwisho ni nzuri kwa sababu mnunuzi haguswi mfukoni. Anatakiwa kusema tu "ndiyo, tunadaiwa, tutalipa tarehe fulani". Umoja wa Ulaya ulilazimika kulitungia agizo suala la kuchelewesha malipo mwaka 2011, likizitaka mamlaka za umma kulipa ndani ya siku 30 kwa kawaida. Ikiwa huko kwenye mabenki kila kona imebidi iandikwe sheria, ninyi msitegemee hisani.

Kisha kuna suala la sampuli. Sampuli hutengenezwa na mwenye karakana mwenyewe, kwa mkono wake, polepole, usiku. Bechi inatengenezwa na vijana wake, haraka, mchana. Mnunuzi aliyeidhinisha sampuli anashangaa kupokea kitu kingine. Kwa hiyo msiridhike na sampuli moja. Ombeni bechi ndogo ya majaribio iliyotoka kwenye uzalishaji wa kawaida, na iwekwe kazini kwa muda unaoeleweka. Kikikubalika, vipande viwili vitiwe saini na pande zote mbili, kimoja kikae kwa mnunuzi na kingine karakanani. Ugomvi wa "sivyo tulivyokubaliana" utaisha kwa kuweka vipande viwili juu ya meza.

Usimsahau ofisa manunuzi kama mtu mwenye kazi ya kulinda. Cha nje kikiharibika, ni bahati mbaya ya kontena. Cha hapa kikiharibika, ni yeye aliyemleta "ndugu yake". Usimwombe ahamishe oda yote. Mwombe asilimia 10 au 20 ya kitu kimoja, huku msambazaji wa zamani akibaki. Msambazaji wa pili ni jambo ambalo mkuu wake wa kazi atalielewa bila hotuba, hasa kama kumbukumbu ya meli zilizochelewa bado ni mbichi. Bechi tatu zikienda salama, asilimia inapanda yenyewe.

Singapuri walilipatia tatizo hili dawa ya aina yake. Mpango wao wa kuinua viwanda vya nchini, ulioanza mwaka 1986, ulizihimiza kampuni kubwa za kigeni zimtoe mhandisi au meneja wao mmoja akae na wasambazaji wadogo, akiwafundisha kupanga uzalishaji na kudhibiti ubora, na mshahara wake ukalipwa na serikali. Ufundi wake ni huu: mtu anayewafundisha wasambazaji ni yuleyule anayejua kampuni yake inakataa nini na kwa nini, na akirudi ofisini anakuwa shahidi wao. Chama hakina hazina ya Singapuri, lakini kumwomba mnunuzi mmoja aachie mkaguzi wake wa ubora kwa nusu siku kila wiki haiwezi kuwashinda.

Kwa upande wa taasisi za umma, tatizo mara nyingi si nia bali ni ukubwa wa zabuni. Mfano unaotajwa sana ni Preston, kaskazini mwa Uingereza. Baada ya mradi mkubwa wa maduka kufutwa mwaka 2011, halmashauri ilizikusanya taasisi kubwa ambazo haziwezi kuhama, kama polisi, chuo kikuu na vyama vya nyumba, na kwa msaada wa kituo cha utafiti cha CLES zikachunguza pesa zao zinaishia wapi. Mwaka wa fedha 2012/13 ni asilimia 5 tu ya manunuzi yao iliyobaki mjini. Kufikia 2016/17 ilikuwa asilimia 18.2. Walifanya mambo ya kawaida kabisa: kuwaeleza wafanyabiashara zabuni zijazo mapema, kupunguza makaratasi, na kuzikata zabuni kubwa kuwa vifungu. Mkataba mmoja wa chakula cha shule huko Lancashire, ambao ukiwa mzima wadogo wasingeuweza, ulikatwa kwa aina ya bidhaa, mayai peke yake, mtindi peke yake, na wasambazaji wa eneo wakaweza kuomba. Ila msichukue takwimu hizo kama ushahidi wa kupungua kwa bidhaa kutoka ng'ambo. Zinapima pesa iliyolipwa kwa kampuni za mjini, na kampuni ya mjini inaweza kabisa kuuza bidhaa ya ng'ambo.

Na hilo ni la kuangalia kwenu pia. Mkitangaza kwamba mnatafuta "wasambazaji wa hapa", watakaokimbilia wa kwanza ni wachuuzi wanaoagiza nje, wanabadilisha lebo na kuongeza faida yao juu. Msipitishe jina lolote kabla mtu wenu hajafika mahali pa kazi na kuona mashine ikizunguka. Malighafi ikitoka nje si kosa, wachache hawategemei kitu cha nje. Ulizeni tu: katika kila 100 inayolipwa, ni ngapi inabaki kama mishahara, malighafi za karibu na faida ya hapa?

Kinyume cha kukata zabuni ni kuunganisha mahitaji, na kwa wanunuzi binafsi hiki ndicho huleta tofauti. Hospitali moja inahitaji mashuka machache mno kumfanya mshonaji anunue mashine mpya. Hospitali, hoteli na mabweni kwa pamoja, wakikubaliana upana mmoja na aina moja ya kitambaa, ni habari nyingine. Kuwakubalisha wote kipimo kimoja ni kazi ya mikutano mirefu, na nyie ndio mnaofaa kuiongoza kwa kuwa hamuuzi kitu. Mazungumzo yaishie kwenye vipimo na kiasi. Washindani wakianza kuambiana bei wanazouzia wateja wao, sheria za ushindani za nchi nyingi hazitawaacha.

Nimeliacha la uzalendo mpaka sasa kwa sababu ni rahisi zaidi kulijibu ukishayaona hayo mengine. Kampeni ya uzalendo humfanya mtu anunue mara moja. Ofisa manunuzi hanunui mara moja, ananunua kila mwezi, na anakaguliwa. Hakuna fomu ya ukaguzi yenye kisanduku cha mapenzi ya nchi.

Marufuku ni hatari zaidi, maana inamwondolea mzalishaji mtu wa kumlazimisha awe bora. Brazil iliwahi kulihifadhi soko la kompyuta ndogo kwa kampuni za nchini, ikalitia hata kwenye sheria mwaka 1984. Kampuni zilizaliwa, wahandisi walipata uzoefu, hilo ni kweli. Lakini wanunuzi walilipa bei kubwa kwa mashine zilizobaki nyuma, magendo yakashamiri, na hifadhi ile ikaondolewa mwaka 1992. Hata Raúl Prebisch, mchumi wa Argentina ambaye jina lake linatajwa kila panapozungumzwa viwanda vya kuchukua nafasi ya bidhaa za nje, alikuwa ameshaanza kulalamikia ulinzi uliopita kiasi katika miaka ya 1960. Na kisheria, mkataba wa Shirika la Biashara Duniani unaohusu masharti ya uwekezaji, uliopo tangu 1995, unakataza serikali kumlazimisha mwekezaji atumie bidhaa za nchini. Manunuzi ya serikali yenyewe yana nafasi pana zaidi, hasa kwa nchi ambazo hazijaingia mkataba wa manunuzi ya umma. Mnunuzi binafsi anayechagua wa karibu kwa hiari yake hagusi sheria hizo kabisa. Huko ndiko mliko ninyi, na ni mahali pazuri pa kuwa.

Swali ambalo hukuuliza lakini utaliuliza baadaye ni nani alipie kazi hii. Mimi siipendi kamisheni kwa kila oda. Mwunganishaji wa kamisheni huanza kusukuma mikataba mikubwa hata pale mzalishaji hayuko tayari, na huacha vipuri vidogo ambavyo ndivyo vinavyojenga imani. Ada ya wanachama, au mchango wa mwaka kutoka kwa wanunuzi watatu wanaookoa pesa, ni salama zaidi.

Orodha yenu msiitupe. Ipangeni upya. Ondoeni maneno kama "bidhaa bora za plastiki" na wekeni uwezo: mashine gani, ukubwa wa juu wa kipande, malighafi anazozimudu, kiasi kwa wiki, ana vifaa gani vya kupimia, mara ya mwisho kutembelewa ni lini. Isomwe na fundi wenu, si na wanunuzi. Ondoeni kwenye ripoti hesabu ya waliohudhuria na kadi zilizogawiwa. Oda ya kwanza nayo msiihesabu sana, kwa kuwa inaweza kuwa ya hisani. Hesabuni oda ya pili. Na wiki hii, kabla ya mkutano wowote, chagueni mnunuzi mmoja ambaye mtunza stoo wake mnafahamiana, mkamwombe awaonyeshe rafu ya vitu ambavyo huagizwa mbali na kuisha mapema.